Chakula cha paka cha dukani: namna ya kulinganisha mfuko na mfuko kabla hujatoa hela

Swali ninaloulizwa sana na wafuga paka wenzangu hapa Tanga ni kipi kizuri, cha mfuko mwekundu au cha mfuko wa bluu, na jibu langu huwa moja tu, geuza mfuko. Huko mbele kuna picha ya paka manyoya tele, mnofu wa samaki, karoti mbili tatu na neno limeandikwa kwa dhahabu, hiyo yote imewekwa ili uipende. Habari yenyewe iko nyuma kwenye maandishi madogo ambayo mara nyingi hata anayeuza hajawahi kuyasoma. Huu mwongozo ni wa kuyasoma hayo maandishi na kupiga hesabu kidogo, hesabu za shule ya msingi tu, kalkuleta ya simu inatosha.

Vyakula vyenyewe siku hizi utavikuta supamaketi, kwenye maduka ya dawa za mifugo, na hata maduka ya kawaida huko Ngamiani wanafungua gunia wanapima kwa kilo. Vinatoka kila pembe, Uturuki, Ufaransa, Afrika Kusini, makopo ya samaki mengi ni ya Thailand, kwa hiyo na lebo zake haziandikwi kwa mtindo mmoja na hapo ndo watu wanapopotea.

Kwanza ujue paka anataka nini

Paka sio mbwa mdogo. Ni mla nyama kwelikweli, yaani kuna vitu mwili wake unategemea vije tayari ndani ya nyama maana wenyewe hauwezi kuvitengeneza, au unatengeneza kidogo mno. Vitamini A kwa mfano, sisi tukila karoti na mchicha mwili unajitengenezea, paka mpe gunia zima la karoti hapati kitu, yeye mpaka ini, yai, samaki. Niasini, yaani vitamini B3, hivyohivyo. Na kubwa kuliko zote ni taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, hii ikipungua kwa muda mrefu macho yanaharibika kwa ndani mpaka anapofuka, na moyo unatanuka na kulegea.

Hapa kuna kisa watu wengi hawakijui. Mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, Marekani, walionyesha kwamba paka waliokuwa wanaumwa ule moyo wa kutanuka walikuwa wanakula vyakula vya dukani vya kawaida kabisa, ila taurini mwilini mwao ilikuwa chini, na walipoongezewa wengi moyo ulirudi vizuri. Baada ya pale viwanda vikaongeza taurini na ule ugonjwa ukapungua sana. Nakitaja kwa sababu mbili, moja usije ukadhani kikitoka kiwandani basi kimekamilika, na mbili ujue kwa nini kuna neno nitakuambia ulitafute kwenye kila mfuko.

Hatua ya 1: tafuta kama ni chakula kamili

Kabla ya asilimia zozote, kabla ya bei, tafuta neno "complete" karibu na jina au kwenye maelezo ya nyuma. Maana yake paka akila hicho peke yake kila siku anapata vyote anavyohitaji. Ukikuta "complementary" hicho ni kitafunwa au nyongeza, sio mlo. Na hapa makopo ya jodari yanawaumiza watu, kopo zuri, nyama inaonekana kabisa vipande vipande kwenye mchuzi, paka analamba mpaka chini, kumbe ni "complementary", ndani ni jodari na maji ya jodari basi. Mpe kama zawadi ya Ijumaa, usimfanyie chakula cha kila siku.

Mifuko iliyofuata utaratibu wa Marekani inataja AAFCO, ndo wale wanaopanga viwango vya chakula cha wanyama kule, ya Ulaya inafuata FEDIAF, chama cha viwanda vya chakula cha wanyama wa nyumbani huko. Soma hiyo sentensi mpaka mwisho, kwa sababu inataja na umri. Kama imeandikwa "growth" au "all life stages" inafaa mtoto, mwenye mimba na anayenyonyesha. Kama ni "adult maintenance" ni ya mkubwa tu. Paka aliyezaa juzi ukimpa ya mkubwa atakonda mbele ya macho yako.

Kama hakuna neno lolote kati ya hayo, mimi naurudisha mfuko kwenye shelfu, hata uwe wa bei gani.

Hatua ya 2: nakili namba tano

Nyuma kuna sehemu ya uchambuzi, toa simu piga picha au andika: protini (crude protein), mafuta (crude fat, Ulaya wanaandika oils and fats), nyuzinyuzi (crude fibre), majivu (crude ash) na unyevu (moisture). Majivu usishtuke, hawakutia majivu ya jikoni, ni yale madini yanayobaki chakula kikichomwa chote maabara, yaani chokaa (kalsiamu), fosforasi, chumvi na wenzao.

Sasa mifuko mingi inaficha namba moja, sio kwa ubaya, sheria zao ndo zinaruhusu. Ya Ulaya haitaji unyevu kama hauzidi asilimia 14, kwa hiyo chakula kikavu utakuta hakuna, wewe weka 10. Ya Marekani mara nyingi haina majivu, weka 8 kwa kikavu na 2 kwa cha kopo. Ni makadirio lakini yanakufikisha.

Angalia pia kama pameandikwa "min" na "max". Protini "min 30" maana yake haishuki hapo, inaweza ikawa 32. Kwa hiyo tofauti ya asilimia moja mbili kati ya mifuko miwili usiigombanie, achana nayo.

Hatua ya 3: toa maji kwanza

Hii ndo hatua ambayo ukiiruka kila kitu kinakuwa uongo. Kopo limeandikwa protini 9, mfuko umeandikwa protini 30, mtu anasema kopo halina kitu. Kopo zaidi ya robo tatu ni maji! Ni sawa na kulinganisha dagaa wakavu na dagaa wabichi kwa kilo, lazima wabichi waonekane hawana kitu. Kwa hiyo unalinganisha kilichobaki maji yakishatoka.

Hesabu yake: 100 toa unyevu, unapata kitu kikavu. Kisha protini gawanya kwa hicho kikavu, zidisha 100.

Tuchukue mifano mitatu niliyoitunga mwenyewe, namba zinafanana na unazozikuta madukani lakini sio za kampuni yoyote.

Mfuko A, wa paka mkubwa: protini 30, mafuta 9, nyuzinyuzi 4, majivu 8.5, unyevu 10.
Mfuko B, wa paka mtoto: protini 36, mafuta 18, nyuzinyuzi 2.5, majivu 7.5, unyevu 8.
Kopo C: protini 9, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2, unyevu 81.

A, 30 gawanya kwa 90, ni kama 33 kwa mia. B, 36 gawanya kwa 92, ni 39. Kopo C, 9 gawanya kwa 19, ni 47. Umeona lile kopo lililodharauliwa limeruka mpaka juu.

Kiwango cha chini cha AAFCO, maji yakishatolewa, ni protini 26 kwa paka mkubwa na 30 kwa mtoto na mzazi, mafuta 9 kwa wote. Hicho ni cha chini kabisa, ndo mpaka wa kutoingia shimoni, sio cha kujivunia. Taurini ni asilimia 0.1 kwa kikavu na 0.2 kwa cha kopo, mara nyingi utaikuta kwenye orodha ya viongezwa kwa miligramu kwa kilo, kwa hiyo 1,000 mg/kg ndo hiyo 0.1. Lebo nyingi zinataja iliyoongezwa tu, ile iliyomo kwenye nyama yenyewe haihesabiwi hapo, basi ukikuta chini ya elfu usipige kelele papo hapo.

Hatua ya 4: wanga ambao hawauandiki

Tafuta mfuko mzima, mara nyingi hutaona neno wanga. Hawalazimiki kuuandika na hakuna anayependa kuutangaza. Lakini unapatikana kwa kutoa tu: 100 toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu, kilichobaki ni wanga.

A: 30 na 9 na 4 na 8.5 na 10 ni 61.5, inabaki 38.5.
B: jumla 72, inabaki 28.
C: jumla 97.5, inabaki 2.5.

Ukitoa maji, A ina wanga kama 43 kwa mia, B kama 30, kopo 13. Yaani ule mfuko A wenye picha ya minofu karibu nusu yake ni mahindi, ngano au mchele. Sisemi wanga ni sumu, ukipikwa vizuri paka anausaga, na bila wanga kidogo zile punje hazishikani kiwandani. Ila paka hana haja nao, na dume aliyehasiwa anayelala kutwa barazani ukimjazia bakuli la wanga atanenepa mpaka sukari imfuate. Mimi cha kikavu kikizidi 40 sikichukui kama kuna kingine dukani, kikiwa 25 mpaka 30 nafurahi.

Hatua ya 5: kalori, na hapo ndo bei inaongea

Watu wanalinganisha bei kwa kilo. Kosa. Paka hali kilo, anakula mpaka kalori zake zitimie. Kama mfuko umeandika kalori (kcal kwa kilo) chukua hiyo, kama haujaandika fanya hivi: protini mara 3.5, mafuta mara 8.5, wanga mara 3.5, jumlisha, hizo ni kalori za gramu 100.

A: 105 jumlisha 76.5 jumlisha 135, kama 316.
B: 126 jumlisha 153 jumlisha 98, ni 377.
C: 31.5 jumlisha 42.5 jumlisha 9, kama 83.

Paka mkubwa wa kilo 4 wa kawaida anataka kati ya 200 na 250 kwa siku, tuweke 220. Kwa hiyo A atakula gramu 70, B gramu 58, na kopo gramu 265 hivi. Sasa weka bei, tuseme A kilo 9,000, B kilo 14,000, kopo la gramu 400 ni 5,000 (bei za mfano, wewe weka za duka lako). A inakutoka kama 630 kwa siku, B kama 820, kopo 3,300. Dukani B ilionekana ghali kwa zaidi ya nusu, kwenye bakuli imekuwa ghali kwa kama theluthi tu. Na cha kopo kila siku, mwenzangu, kama unao uwezo sawa, wengi wetu hatuna.

Kuna jambo lingine hapa lilinishangaza mimi mwenyewe nilivyolipigia hesabu. Ukiangalia protini kwa kila kalori 100, A inatoa gramu 9.5 na B gramu 9.5 na kidogo. Sawasawa! Ile 36 dhidi ya 30 iliyoandikwa kwa herufi kubwa haina maana uliyodhani, kwa sababu B ina mafuta mengi kwa hiyo paka anakula kidogo. Tofauti ya kweli kati ya hiyo mifuko miwili sio protini, ni kwamba A inajaza nafasi kwa wanga na B inajaza kwa mafuta. Kwa paka mtoto, mzazi, au yule wa kuokotwa mbavu nje, B ni bora mara mia. Kwa lile dume la barazani B pia sawa, lakini pima, gramu 58 ni 58, usiache bakuli limejaa toka asubuhi mpaka usiku.

Hatua ya 6: orodha ya vilivyomo

Sasa ndo usome viambato, na sio kabla, maana orodha inadanganya kirahisi kuliko namba. Imepangwa kwa uzito kabla ya kupikwa. Nyama mbichi ya kuku karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo "kuku" anaweza kukaa wa kwanza kwenye orodha halafu akikaushwa akawa wa nne. Ukiona "chicken meal" au "poultry meal", yaani kuku aliyekaushwa akasagwa, usidharau, hapo maji yameshatoka na protini imejaa.

Mchezo mwingine ni kugawa nafaka. Kuku, mahindi, unga wa ngano, gluteni ya mahindi, pumba za mchele, kila kimoja kimekaa nyuma ya kuku peke yake, vijumlishe vyote uone nani ndo mwenye mfuko. Na gluteni ya mahindi hiyo ina protini nyingi kwa hiyo inapandisha ile namba ya juu, ila ni protini ya mmea, taurini hamna. Namba ya protini yenyewe maabara hawapimi protini moja kwa moja, wanapima naitrojeni wanazidisha kwa 6.25. Wajanja walilijua hilo, mwaka 2007 Marekani na Kanada vyakula vingi vya paka na mbwa viliondolewa madukani kwa sababu gluteni ya ngano iliyotoka China ilikuwa na melamini, kemikali ya plastiki yenye naitrojeni nyingi, wanyama wakafa kwa figo. Kwa hiyo namba ya protini isome pamoja na orodha, zote mbili.

Majina nayo yana sheria zake. Kwa utaratibu wa Marekani, "Chicken Cat Food" lazima kuku awe asilimia 95 ukiacha maji ya kupikia, "Chicken Dinner" inatosha 25, "with Chicken" ni 3 tu, na "Chicken Flavor" ladha ikisikika basi imetosha. Kile kineno "with" kidogo vile kinabeba tofauti kubwa hivyo! Mifuko ya Ulaya inasema "meat and animal derivatives" kisha kwenye mabano "4% chicken", maana yake kuku ni hiyo nne, na ile nyama nyingine iliyomo ni nyama na viungo vya wanyama bila kutajwa wepi.

Kuhusu viungo vya ndani, watu wakisoma "by-products" wanasonya. Jamani, kule kwa muuza nyama pale Mgandini mnanunua mapupu, maini na utumbo wa kuku kwa ajili ya haohao paka, na wanakula mpaka wanaguna. Maini na moyo ni bora kuliko mnofu kwa mambo mengi. Hilo lisikutishe.

Rangi ndo upuuzi, zile punje nyekundu, kijani na za njano zenye umbo la samaki ni za kukufurahisha wewe. Sukari na karameli pia, paka hana kabisa uwezo wa kuonja utamu wa sukari.

Hatua ya 7: cha kupima na tarehe

Hapa nitasema kwa kirefu maana ndo tatizo letu la pwani. Gunia la kilo 20 limefunguliwa, mdomo umekunjwa nje, ndani kuna kikombe cha plastiki kimelala juu ya punje, jua la saa nane linalipiga mlangoni, na kijana anakuchotea kwenye nailoni anafunga fundo. Ananiambia, mama chukua tu hiki, paka wote wa Raskazone wanakula hiki. Namjibu, sawa mwanangu, lakini nigeuzie gunia nisome. Kama gunia lipo na tarehe ipo, vizuri, piga picha lebo na uulize lilifunguliwa lini. Kama lebo imechanwa au punje zimehamishiwa kwenye ndoo isiyo na jina, hesabu zote nilizokuonyesha juu hazifanyi kazi, huna cha kulinganisha, unanunua harufu tu. Wengine wanakuchotea cha mbwa na hawajui, na mbwa kiwango chake cha protini ni 18 tu kwa mkubwa na taurini haiwekwi kwa lazima.

Chota punje chache kiganjani. Zikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa, mafuta yameshaharibika na vitamini E imekwenda nayo. Zikiwa laini au zimeshikana, zimenyonya unyevu, na nafaka yenye unyevu kwenye joto hili ndo makazi ya fangasi wa sumukuvu. Tunaikumbuka ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, ilikuwa mahindi na iliua watu, na chakula cha paka kina mahindi hayohayo. Sumukuvu haionekani na haitoki kwa kuanika.

Kwa hiyo kama hela inaruhusu nunua mfuko mdogo uliofungwa kuliko kilo mbili za kuchotwa. Nyumbani uache ndani ya mfuko wake, kunja mdomo, tumbukiza mfuko mzima kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pa kivuli. Ukifungua umalize ndani ya mwezi hivi, kwa joto la hapa.

Kuchanganya na vya nyumbani

Wengi tunachanganya na hakuna ubaya, ila jua unaongeza nini. Mapupu yana protini lakini chokaa karibu hamna, paka mtoto akikulia mapupu matupu mifupa inakuwa laini mpaka inavunjika akiruka kitandani. Ini kila siku kwa wingi linamletea vitamini A ya kuzidi, shingo inakakamaa. Samaki wa pale Deep Sea, soko letu la samaki, mpe lakini mchemshe, baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 na moto unakiua, halafu toa miiba mikubwa. Makombo ya pilau yenye vitunguu hapana, vitunguu maji na thomu vinaharibu damu ya paka. Chakula kamili kikibaki kama asilimia 90 ya anachokula, hiyo 10 cheza nayo utakavyo.

Pembeni kidogo: shemeji yangu yuko Uingereza anafuga fereti, yule mnyama mrefu mwembamba wanayemtumia kule kuwindia sungura, akaniuliza kama hesabu hizi zinamfaa. Zinamfaa tena zaidi, fereti ana utumbo mfupi, chakula kinapita ndani ya masaa matatu manne tu, kwa hiyo anataka protini 30 mpaka 40, mafuta 15 mpaka 20, nyuzinyuzi chini ya 3 na wanga kidogo iwezekanavyo. Kwa mifano yetu mfuko B unapita na A unafeli, na ndo maana kule wengine wakikosa chakula cha fereti wananunua cha paka mtoto.

Hatua ya 8: kumhamisha

Ukishachagua usibadilishe siku moja. Robo kipya na robo tatu cha zamani siku mbili, nusu kwa nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, halafu chote. Angalia kinyesi, kikiwa kigumu kiasi na kidogo ujue anakitumia chakula, kikiwa kingi na laini kila siku ujue unamwaga hela kwenye mchanga. Manyoya yanataka mwezi na zaidi kuonyesha tofauti, mpe muda.

Na ile ya "akishikwa na njaa atakula tu" kwa paka usiifanye, hasa mnene. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta ya mwili yanakimbilia ini na ini linashindwa, anaweza kufa kwa kususa chakula. Akisusa rudisha cha zamani, akiendelea kususa mpeleke kwa dokta wa mifugo.

Maji nayo. Anayekula kikavu lazima anywe, na paka wengi wavivu wa kunywa, kwa hiyo loweka punje kwa maji ya uvuguvugu, bakuli la maji liwe pana na liwe mbali na chakula, libadilishwe asubuhi na jioni. Dume ukimwona anachuchumaa anajikaza mkojo hautoki, au anatoka matone, analia, analamba huko nyuma, hiyo sio kufunga choo usimpe mafuta ya nyonyo, mkojo umeziba na hana siku mbili, mbebe sasa hivi hata kama ni saa tatu usiku mpigie dokta simu.